Shingo ya Mpiganaji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hutoka kwa vijana wanaofanya ndondi, kikiboksi, judo, mieleka na karate hapa Mombasa, kuanzia Tononoka na Majengo hadi Kisauni, Changamwe na Likoni. Mengine hutoka kwa wazazi wao. Nimeyajibu nikitaka kila mpiganaji amalize miaka yake ya mchezo akili ikiwa timamu na shingo ikigeuka bila maumivu.

Kocha, mapigo ni ya mikono na miguu. Shingo ya nini?

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4.5 hadi 5 hivi, na chote kimekalia pingili 7 za shingo. Ndani ya fuvu, ubongo umezungukwa na majimaji. Konde linapotua kwenye taya, fuvu hurushwa ghafla na ubongo huchelewa kidogo sana kulifuata, kisha huvutwa na kupindika. Hapo ndipo mtikisiko wa ubongo unapotokea. Konde la pembeni ni la kuogopwa zaidi kwa sababu hukizungusha kichwa, na ubongo hauvumilii kuzungushwa kwa ghafla.

Shingo iliyokazwa hukifunga kichwa pamoja na mabega na kifua, hivyo konde linalazimika kusukuma uzito mkubwa zaidi ya ule wa kichwa peke yake. Shingo legevu huacha kichwa kiyumbe kama mlingoti wa jahazi uliolegezwa kamba.

Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwapima maelfu ya wanafunzi wa sekondari wanaocheza kandanda, mpira wa kikapu na lakrosi, mchezo wa mpira unaochezwa kwa fimbo zenye wavu. Kila nguvu ya shingo ilipozidi kwa ratili moja, yaani karibu nusu kilo, uwezekano wa kupata mtikisiko wa ubongo ulipungua kwa asilimia 5. Wanafunzi hao hawakuwa mabondia, na konde la makusudi si sawa na kugongana uwanjani, kwa hiyo usiichukue hesabu hiyo kuwa ahadi ya ulingoni. Ichukue kuwa sababu nzuri ya kutenga robo saa, mara mbili au tatu kwa wiki.

Kuna sharti moja. Misuli hukulinda ikiwa imeshakazwa kabla konde halijafika. Pigo usilolitarajia hukuta shingo imelala, hata kama ni nene namna gani. Ndiyo maana macho na kidevu kilichoinamishwa ni sehemu ya mazoezi haya haya.

Kwa hiyo nikiwa na shingo nene sitapigwa nokauti?

Utapigwa. Naomba hili lieleweke mapema, maana kuna vijana wanaojenga shingo kisha wanashusha mikono wakijiona wamevaa ngao. Robert Wangila alituletea dhahabu ya Olimpiki ya ndondi kutoka Seoul mwaka 1988, bondia hodari mwenye mwili wa chuma, na mwaka 1994 alifariki Las Vegas kwa majeraha ya kichwa baada ya pambano. Shingo ni kinga ya mwisho. Kabla yake kuna mikono kukaa juu, miguu kukutoa kwenye hatari, kichwa kutotulia mahali pamoja, na kocha mwenye moyo wa kurusha taulo ili pambano lisimamishwe.

Ni misuli gani hasa ninayopaswa kuijenga?

Gusa nyuma ya sikio lako, kisha geuza uso upande wa pili. Utahisi msuli mrefu unaoshuka hadi kidarini na kwenye mtulinga. Iko miwili, kulia na kushoto, na ndiyo inayokuzuia kichwa kutupwa nyuma. Chini yake, karibu kabisa na mifupa, kuna misuli midogo ya mbele inayorudisha kidevu ndani. Nyuma kuna misuli ya kisogo iliyopangana kwa tabaka, na juu yake msuli mpana unaotanda kutoka kisogoni hadi mabegani na katikati ya mgongo.

Wengi wanaoinua vyuma hujenga huo mpana tu kwa kupandisha mabega. Kioo huwadanganya: shingo inaonekana imejaa, lakini mbele na pembeni hamna kitu. Misuli midogo ya mbele ndiyo iliyosahauliwa kuliko yote, hasa kwa mtu anayeshinda ameinamia simu. Mimi huanzia hapo.

Sijawahi kufanya zoezi lolote la shingo. Nianze vipi?

Anza ukiwa umeshapasha mwili moto kwa kamba au kukimbia kidogo. Geuza kichwa taratibu kulia na kushoto, kiinamishe, kirudishe, kilaze begani. Ile tabia ya kuzungusha kichwa kwa kasi kama feni iache. Haikazi chochote, na kukitupa kichwa nyuma kwa kasi hubana viungo vya pingili bila faida.

Wiki nne za kwanza kichwa hakisogei kabisa. Weka kiganja kwenye paji la uso, sukuma kichwa mbele huku mkono ukikizuia. Hesabu sekunde 6 hadi 10, legeza, pumua, rudia mara tano. Kisha kisogoni, kisha kila upande juu ya sikio. Halafu weka kiganja shavuni ujaribu kugeuza uso, mkono ukikataa. Wiki ya kwanza tumia nusu ya nguvu zako. Nguvu ipande polepole na ishuke polepole, bila kushtua. Usizuie pumzi, maana kukaza huku umefunga pumzi hupandisha shinikizo la damu, na mwenye tatizo la presha aongee na daktari kwanza.

Ongeza zoezi moja la kulala chali: rudisha kidevu ndani, kana kwamba unataka kutengeneza kidevu cha pili, kisha inua kichwa sentimita chache tu kutoka sakafuni na ukishikilie. Kidevu kikichomoza, misuli ya ndani imeshachoka na ile mirefu imechukua kazi yake. Simama hapo. Mabondia wenye kifua kipana hutetemeka kwenye zoezi hili kabla ya sekunde 20, na hilo lenyewe linakuonyesha kilichokosekana.

Kuanzia wiki ya tano kichwa kisogee. Lala chali kwenye benchi, kichwa kikining'inia nje ya ukingo, kishushe taratibu na ukipandishe hadi kidevu kikaribie kifua. Lala kifudifudi ufanye kinyume chake. Lala kwa ubavu ufanye pembeni. Marudio 15 hadi 20, seti mbili, bila uzani wowote. Yakishakuwa mepesi, weka taulo kwenye paji la uso na juu yake sahani ya chuma ya kilo 1.25, uishike kwa mikono miwili. Kuna sahani ya kilo 2.5 na ya 5, na hakuna anayekukimbiza. Shingo huongezewa uzani kidogo kidogo, kwa wiki nyingi. Anayeruka hatua hulazwa na shingo iliyokakamaa, akapoteza hata mazoezi mengine ya wiki nzima.

Fanya mwishoni mwa mazoezi, si mwanzoni. Ukiichosha shingo kisha ukaingia ulingoni kupigana na mwenzako, umejivua kinga yako mwenyewe.

Sina jimu wala vifaa. Itawezekana?

Itawezekana kabisa. Mikono yako tayari ni kifaa. Leso iliyokunjwa au taulo inatosha kwa zoezi la watu wawili: izungushe kwenye paji la uso, mwenzako asimame nyuma ashike ncha zote mbili, avute kwa nguvu ndogo huku wewe ukiinamisha kichwa mbele kwa utaratibu. Mwenzako awe mtu mwenye akili tulivu. Kazi yake ni kukusikiliza, na ukisema basi aachie pole pole, si kwa ghafla.

Tyubu kuukuu ya baiskeli, ambayo fundi yeyote wa mtaani atakupa au kukuuzia kwa bei ndogo, ni bora kuliko watu wanavyodhani. Ifunge kwenye nguzo kimo cha kichwa chako, upande wake wa pili uuzungushe kichwani, weka kitambaa ili isikukwaruze, kisha simama na ujisogeze mbali nayo huku ukiilazimisha shingo ibaki wima. Geuka pande zote nne. Ikague kila mara kama haina mpasuko, kwa sababu ikikatika itakupiga usoni.

Vile vyuma vya kujitengenezea kwa simenti na mabati, vitumie kwa kupandisha mabega tu. Kuviweka kwenye paji la uso ni hatari, maana havishikiki vizuri na ukingo wake hukata. Mchanga wa pwani ya Pirates au Nyali ni mahali pazuri pa mazoezi ya kulala chali na kifudifudi asubuhi kabla jua halijakolea.

Mike Tyson alikuwa akifanya daraja la shingo. Nami nifanye?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na karibu kila anayeuliza ameshajaribu tayari. Daraja la shingo ni kuupinda mwili nyuma kama upinde, ukibaki umeegemea nyayo na kichwa tu.

Ni kweli Tyson alilifanya, na wanamieleka wamekuwa wakilifanya kabla hata hajazaliwa. Ila tazama kinachotokea. Katika daraja kamili uzito mkubwa wa mwili hushuka juu ya pingili za shingo huku shingo imepindwa nyuma. Kadiri misuli inavyokuwa dhaifu, ndivyo visahani vilivyo kati ya pingili na viungo vyake vya nyuma vinavyobeba zaidi. Mtu aliyeanzia utotoni kwenye mkeka wa mieleka amejengeka kidogo kidogo kwa miaka. Wewe uliyeona video jana usiku hujajengeka.

Mwanamieleka analihitaji kwa sababu ni sehemu ya mchezo wake: mabega yote mawili yakigusa mkeka amepoteza, na daraja ndilo linalomwokoa. Katika judo hesabu ni nyingine. Kwa sheria za kimataifa, kutua kwa daraja ukitupwa huhesabiwa ippon ya mpinzani, yaani ushindi kamili, na anayejikinga kwa kichwa makusudi huadhibiwa, vyote hivyo kwa ajili ya kulinda shingo. Bondia hana haja nalo. Kila faida anayoitaka ataipata kwa mikono, benchi na tyubu.

Ukiwa mwanamieleka, subiri miezi mitatu au minne ya mazoezi niliyoeleza hapo juu. Kisha anza ukiwa umepiga magoti, paji la uso kwenye mkeka laini, mikono yote miwili chini ikibeba sehemu kubwa ya uzito. Sogea kidogo mbele na nyuma. Mikono huondolewa mwisho kabisa, na kocha akiwa kando yako. Usijizungushe kwa kasi juu ya kichwa, na asikukalie mtu kifuani.

Mama zetu hubeba ndoo kichwani, na mahamali wa Kongowea na Marikiti hubeba magunia. Si hilo ni zoezi tosha?

Kazi hiyo hujenga ustahimilivu na mkao ulionyooka, nami nawaheshimu wanaoifanya. Lakini mzigo unashuka wima, na mbebaji hujifunza kukiweka kichwa kimya katikati. Konde huja kutoka upande, kutoka chini ya kidevu, kwa kuzungusha. Misuli inayozuia mambo hayo haipati kazi kubwa chini ya ndoo. Isitoshe, mzigo mzito wa kila siku huzichosha pingili, na kuna wabebaji wengi wanaoumwa shingo na mgongo kabla ya uzee. Kama ndiyo riziki yako, basi siku ya mizigo mingi punguza mazoezi ya shingo. Kama si riziki yako, usiweke gunia kichwani kwa kutafuta nguvu.

Je, kila mchezo unahitaji shingo ya aina moja?

Hapana. Bondia na mtu wa kikiboksi atilie mkazo mbele, pembeni na kugeuza, kwa sababu anapokea mapigo ya haraka. Baada ya miezi kadhaa afanye pia zoezi la kukaza ghafla: mwenzake anasukuma kichwa kwa kiganja polepole kutoka upande usiotangazwa, naye anakizuia kisisogee. Kusukuma tu, si kupiga.

Katika Muay Thai, yaani ndondi ya Kithai, mpinzani hufunga mikono nyuma ya kichwa chako na kukivuta chini ili akupige goti. Hapo kisogo na mgongo wa juu ndivyo vinavyolipa, na vinatakiwa kudumu raundi nzima. Kushikilia kwa sekunde 30 hadi 60 dhidi ya taulo au tyubu kuna faida kubwa kwako kuliko kuinua uzani mzito mara chache.

Katika judo shingo hufanya kazi zaidi wakati wa kuanguka. Kidevu kifuani, macho kwenye mkanda wako, kichwa kisiguse mkeka. Misuli ya mbele ikichoka, kisogo kinagonga. Wanaoanza wapumzishwe kutupwa wanapoonekana hawawezi tena kukishikilia kichwa.

Na kwa wenye jiu-jitsu, niseme wazi: shingo nene haizuii kabali iliyokaa sawasawa. Mishipa ya damu ya pembeni ikibanwa vizuri, mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde kumi hivi au chini yake. Gonga mkeka au mwenzako mapema, ishara ya kukubali kushindwa. Kuvumilia kabali si mazoezi ya shingo, na kunaweza kuumiza mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo.

Nimeamka shingo inauma. Niache?

Maumivu ya misuli yaliyotanda, pande zote mbili, yanayoanza siku ya pili na kuisha siku ya tatu au ya nne, ni ya kawaida kwa anayeanza. Pumzika, tembeza kichwa taratibu, rudi ukiwa na nguvu ndogo zaidi.

Yafuatayo si ya kawaida, na hayangojei hadi kesho: ganzi au michomo inayoshuka mkononi, mkono au mguu kulegea, hisia ya umeme kupita mgongoni unapoinamisha kichwa, maumivu makali katikati kabisa ya mfupa baada ya kuanguka, kizunguzungu kisichoisha, kuona vitu viwili viwili, kushindwa kutamka maneno vizuri, au maumivu mapya makali ya upande mmoja wa shingo pamoja na kichwa. Nenda hospitali, iwe Hospitali Kuu ya Pwani au iliyo karibu nawe. Ikiwa umeanguka vibaya na shingo inauma katikati ya mfupa, usinyanyuliwe na wenzako ukapakiwa kwenye tuktuk au bodaboda. Ulale hapo hapo, mtu mmoja ashike kichwa kisisogee, mwingine aite ambulensi. Na tafadhali usimpelekee shingo mtu wa kuivunja "ikalia" kabla daktari hajaitazama.

Mwanangu ana miaka 12 na anapenda karate. Atafanya mazoezi haya?

Ndiyo, mama, lakini yale ya kuzuia kwa mkono wake mwenyewe, kwa nguvu ndogo, na lile la kurudisha kidevu ndani. Asifanye daraja, asiweke uzani kichwani, asivutwe na mtoto mwenzake kwa taulo. Watoto wana kichwa kikubwa kwa kulinganisha na mwili na shingo nyembamba, na ndiyo sababu mapigo ya kichwa kwao tunayaepuka kabisa. Muulize kocha wake kwa heshima kama watoto hupigana vichwani mazoezini. Una haki ya kupata jibu. Mtoto mwenye ulemavu wa Down apimwe shingo na daktari kwanza, kwa sababu baadhi yao wana ulegevu kati ya pingili mbili za juu.

Wanawake nao? Sitaki shingo nene.

Dada, kwa wastani wanawake wana shingo nyembamba na yenye nguvu ndogo kuliko wanaume, na katika michezo inayochezwa na wote kwa sheria zilezile, wao hupata mtikisiko wa ubongo kwa wingi zaidi. Kwa hiyo wewe unayahitaji mazoezi haya kuliko kaka yako. Nguvu huja kabla ya unene, na marudio mengi kwa uzani mdogo hayatakubadilisha umbo kwa namna ya kukukera.

Nikivaa kofia ya kujikinga, bado kuna haja?

Ipo. Kofia hupunguza michubuko na kupasuka ngozi, lakini haizuii ubongo kutikisika ndani. Katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 mabondia wanaume walipigana bila kofia kwa mara ya kwanza tangu 1980. Mazoezini, mimi naunga mkono ivaliwe.

Nilipigwa nokauti. Nirudi lini, na shingo nianze lini?

Siku hiyo hiyo usirudi ulingoni, usiendeshe pikipiki, usilale peke yako nyumbani. Kutapika mara kwa mara, kichwa kuzidi kuuma, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, usingizi usioamshika: hayo ni ya hospitali mara moja. Saa 24 hadi 48 za kwanza pumzika, punguza simu. Baadaye tembea, kisha kazi nyepesi, kila hatua siku moja, na dalili zikirudi unarudi hatua moja nyuma. Kupigana, hata kwa mazoezi, ni baada ya siku 30 kwa uchache, na kwa ruhusa ya daktari. Pigo la pili kwenye ubongo ambao haujapona linaweza kuua.

Shingo yenyewe mara nyingi huumia katika pigo lile lile, na maumivu yake huchanganywa na ya kichwa. Dalili zikishaisha, anza upya na mazoezi ya wiki ya kwanza, hata kama ulikuwa umefika mbali.

Mwezi wa Ramadhani nifanyeje?

Usisimamishe, punguza. Joto la Mombasa na unyevu wake hukausha mwili haraka, na anayefunga hawezi kurudishia maji mchana. Mazoezi ya kuzuia kwa mkono unaweza kuyafanya nusu saa kabla ya futari, kwa nguvu ndogo. Yale ya benchi na uzani yaache hadi baada ya tarawehe, ukiwa umeshakunywa na kula. Mara mbili kwa wiki zinatosha kukulinda usipoteze ulichojenga.

Nitajuaje kwamba inafanya kazi?

Nguvu utaihisi ndani ya wiki sita hadi nane, unene utachelewa zaidi. Pima kwa futi ya fundi cherehani, chini kidogo ya kongomeo, asubuhi kabla ya mazoezi, mara moja kwa mwezi. Lakini kipimo ninachokiamini zaidi ni muda: lala chali, kidevu ndani, inua kichwa kidogo, mwenzako ashike saa. Andika sekunde zako na tarehe kwenye daftari, kisha pima tena baada ya wiki nne.